Kisima kirefu, tenki la mvua, shimo la mchanga au chujio: kipi upeleke vijiji vya pembezoni huku Dodoma na kati

Wadau, kuna grupu letu la WhatsApp la watu wa upande wa Chemba tunaoishi Dodoma mjini, lilianzaga kwa mambo ya misiba na harusi, siku moja mtu akarusha picha ya mama kainama kwenye shimo la mchanga anachota maji na kata, basi hapo hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja tuchange tuchimbe kisima, mwingine kisima hela ya nani tununue simtanki, mwingine shemeji yake anauza machujio ya maji keshatuma na bei. Mi nimehangaika na pampu na visima vya vijijini huku kati miaka kadhaa, nkaona kujibu mmoja mmoja nitachoka, acha nilinganishe vyote hapa na mwenye kijiji chake achague, maana nayasema ya Wasandawe kule Kwa Mtoro na Farkwa, ya Wabarabaigi wa Hanang na Singida, mpaka Wahadzabe wa bonde la Yaeda na pembeni mwa ziwa Eyasi, na hawa wote majibu yao hayafanani.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja maana ndo kinaamua mengine yote. Maji ya kunywa na maji ya matumizi ni vitu viwili. Sera yetu ya maji ya mwaka 2002 inasema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja watu 250. Sawa. Ila kati ya hizo 25, za kunywa na kupikia ni kama 5 tu, zilizobaki ni kuoga, kufua, kuosha vyombo. Sasa sisi tukichanga tunataka chanzo kimoja kifanye kila kitu, kisafi kitamu kingi karibu, na huku kwetu chanzo cha hivyo ni bahati. Ukishagawa mawili haya kichwani, hata hela kidogo inafanya kazi.

Nianze na kisima kirefu maana ndo kila mtu anakiota, na ndo kinapendeza kwenye picha.

Uzuri wake ni kwamba kikipata maji kinatoa mengi na mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Dodoma mjini penyewe tumeishi kwa visima vya Mzakwe miaka mingi, sio kwamba visima havifai. Shida yake vijijini ni tatu. Kwanza unalipia hata kikikosa, mchimbaji anahesabu mita alizoshuka, hahesabu maji. Pili kina, huku kwetu maeneo mengi unavuka mita 100, na pampu za mkono hizi za Afridev na India Mark II zinavuta vizuri mpaka mita kama 45 hivi, kwa hiyo ukiona mtu anakuahidi kisima kirefu na pampu ya mkono muulize maswali, kisima cha namna hiyo kinataka sola au jenereta. Tatu ndo kubwa, ubora wa maji yenyewe. Mwamba wa huku unatoa maji ya chumvi, na ukielekea Singida, Hanang mpaka Mbulu na Karatu, kule kwenye bonde la ufa, unakutana na floraidi.

Floraidi ndo hii inayofanya meno ya watoto yawe ya kahawia, na ikizidi sana miaka mingi inapinda mifupa ya miguu. Shirika la Afya Duniani wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ubaya wake haina harufu haina rangi, maji yanang'aa kabisa, mgeni anakunywa anasifia. Na sikiliza hapa, KUCHEMSHA HAKUTOI FLORAIDI. Tena ukichemsha sana maji yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo unaiongeza ukali. Waterguard nayo haitoi, ile ni ya vijidudu. Nimekuta watu wazuri kabisa wenye mradi wao wanagawa vidonge vya klorini kwenye kijiji ambacho tatizo lake liko kwenye meno.

Chumvi yenyewe angalau ulimi unaiona. Kuna kijiji kimoja nilikuwepo siku kisima kinafunguliwa, sikitaji kijiji wala waliochimba, watu wamepika pilau, mgeni rasmi kafungua bomba kanywa kidogo kwenye glasi katabasamu, sisi tuliokaa karibu tukaona koo limekataa. Hakuna aliyepima kabla ya kujenga mnara, sampuli ilichukuliwa tenki lishapakwa rangi. Baada ya mwezi napita tena, kwenye bomba pale wapo wasichana wawili wanafua, na njia ya kwenda korongoni ina nyayo mpya za punda na madumu. Nkamuuliza mama mmoja, mama mbona bomba hili hapa? Akanijibu, mwanangu, lile tunafulia, ila chai yake hata mbwa anakuangalia.

Je kile kisima ni hasara? Mi nasema hapana, na hapa ndo nilipotofautiana na grupu. Kongwa pale jirani imefanyiwa utafiti wa ugonjwa wa macho wa vikope (trakoma) tangu miaka ya 1980, na moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba uso wa mtoto unaooshwa unasaidia sana kuzuia upofu ule, sasa kuosha uso hakuhitaji maji matamu. Kufua hivyo hivyo, japo sabuni haitoi povu. Ng'ombe nao wanavumilia chumvi kiasi kuliko sisi. Hasara ilikuwa kudhani mmemaliza, mkaondoka bila kuacha maji ya kunywa.

Sasa linganisha na tenki la mvua.

Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, wastani kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka. Watu wanasema huku hakuna mvua ya kuvuna. Piga hesabu basi, milimita moja juu ya bati la mita moja ya mraba ni lita moja, rahisi hivyo. Nyumba ndogo yenye bati la mita za mraba 40, chukua mwaka mbaya kidogo milimita 500, toa yanayomwagika na kuruka asilimia 20, unapata lita 16,000. Familia ya watu sita, lita 5 za kunywa na kupika kila mtu, ni 30 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 likijaa mwisho wa Aprili linakufikisha katikati ya Oktoba, la 7,000 linamaliza kiangazi chote, na bati lenyewe lingeweza kulisha familia moja na nusu hivi kwa mwaka. Maji hayo hayana floraidi wala chumvi. Hicho tu kinatosha kulifanya tenki lishinde kisima sehemu nyingi za huku kwa upande wa KUNYWA.

Ila usije ukalichukua ukalipeleka kijiji kizima. Bati la darasa refu la shule, tuseme mita za mraba 240, linakupa kama lita 96,000 kwa mwaka, zinaonekana nyingi, ukigawia kaya 100 za watu sita kwa lita 5 hizo hizo ni 3,000 kwa siku, mwezi na siku mbili umemaliza. Tenki la shule liwe la watoto wa shule. La kaya liwe la kaya.

Na tenki linataka bati. Hapo ndo wengi tunasahau, mtu anaishi kwenye tembe, paa ni udongo juu ya fito, utavuna matope? Bibi yangu ninavyomjua angekwambia mbukwenyi (salamu ya Kigogo), karibu, ila tenki lako utaliweka wapi. Kwa hiyo hesabu bati na gata ndani ya gharama, au wekeni kwenye nyumba moja ya bati kati ya nyumba tatu za ndugu, huku Wasandawe wanakaa kwa kutawanyika na koo zinakaa jirani hivyo inawezekana, lakini mkubaliane kabla nani anashika funguo ya koki, maana mwezi wa tisa ndo undugu unapimwa. Mvua ya kwanza mwageni yote, bati lina vumbi la miezi saba na vinyesi vya ndege. Mfuniko ufunge kabisa mbu asiingie. Baada ya hapo ukiweka klorini kama pakiti inavyosema umemaliza, hapa ndo kazi yake ilipo.

Shimo la mchanga hili ambalo wote tunalionea huruma kwenye picha, mi nalipa heshima yake.

Angalia mama anavyofanya. Anafika korongoni mto mkavu kabisa, anachagua mahali, sio popote, anachimba kwa mkono na bakuli mpaka mchanga uwe na giza, anachimba tena mpaka maji yaanze kujikusanya chini. Yale ya kwanza anayatupa. Anasubiri. Yanayoingia mara ya pili yamepita kwenye mchanga, anachota kwa kata taratibu asitibue, dumu la lita 20 linachukua hata nusu saa, akimaliza anaziba shimo kwa matawi ya miiba ng'ombe wasiingie. Huo ni mtambo wa kuchuja, haujasajiliwa tu. Tatizo ni punda na ng'ombe wanaokunywa hatua kumi juu yake, kinyesi kinashuka humo humo, na kiangazi kikikaza shimo linakuwa refu linamwangukia mtu, hayo yametokea.

Kuliboresha kunawezekana kwa hela ndogo kuliko kisima kirefu. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza korongo mahali penye mwamba chini, mvua zinaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta misimu miwili mitatu, na katikati ya chembe za mchanga maji yanakaa, karibu robo ya ujazo au zaidi, jua haliyafikii. Wenzetu Wakenya upande wa Kitui na Machakos wamejenga mengi sana. Pembeni unachimba kisima kifupi unaweka pampu ya mkono, hapa sasa ile Afridev inafaa. Maji ya mchanga yanatokana na mvua ya juzi juzi hivyo mara nyingi ni matamu kuliko ya mwambani, ila upime vile vile, na klorini usiache.

Adui wa hili jambo siku hizi ni lori. Tangu serikali ihamie Dodoma ujenzi umekuwa mwingi, mchanga unatoka makorongoni, na kila tripu ya mchanga ni tenki la maji la watu fulani linaondoka kwenye tela. Kijiji kikiamua njia hii kikae na mwenyekiti wake kiandike kabisa kwenye sheria ndogo sehemu gani mchanga hauchotwi, vinginevyo mnajenga ukuta wa kulinda hewa.

Lambo, yaani bwawa la kuchimba la kukinga maji ya mvua, nalisema kwa kifupi. Ni la mifugo. Jua la huku linakula maji ya juu vibaya sana, mifugo inaingia miguu yote minne, watoto wanapata kichocho humo. Likiwepo lizungushiwe uzio na maji yatolewe nje kwa bomba kwenda kwenye birika la kunyweshea. Kunywa binadamu, hapana. Boza nalo ni la dharura, ukilizoea umefilisika.

Machujio na vidonge ndo rahisi kununua kwa hiyo ndo vinanunuliwa. Hapa uliza swali moja tu, linatoa nini? Chungu cha kuchujia na ndoo ya mchanga vinapunguza vijidudu na tope. Mbegu za mlonge zilizotwangwa zinashusha tope, halafu ndo uweke klorini, kwenye maji machafu klorini inachoka. Chupa za plastiki safi juani masaa sita zinaua vijidudu kama maji ni meupe, na jua tunalo bure, mawingu yakiwepo siku mbili. Vyote hivi kwa floraidi ni kazi bure. Cha floraidi kipo, kuna kituo cha Ngurdoto kule Arusha walioshughulika miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kuna chujio la Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela Arusha, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, lile linatengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika. Vinafanya kazi, ila mkaa unachoka, unabadilishwa, na ukichoka hausemi, maji yanatoka meupe vile vile. Kama kijijini hakuna mtu wa kuhesabu miezi na duka la kupata mwingine, baada ya mwaka mna mapambo. Kwa Mhadzabe ambaye kambi inahama kwa msimu, chujio zito la ndoo ni mzigo. Vidonge vinabebeka, na yeye mara nyingi anachota mchangani.

Sasa tuje kwa wenyewe wanaokunywa, maana hapa miradi mingi inaanguka hata pampu ikiwa nzima.

Wabarabaigi. Kwanza acheni kuwaita Wamang'ati, wengi hawalipendi, Wadatoga ndo jina lao la jumla. Nilikaa kikao kimoja, mwezeshaji anaongea Kiswahili cha semina, mradi shirikishi, uendelevu, wazee wametulia tu na fimbo zao. Akamaliza, mzee mmoja akauliza swali moja kupitia kijana wa kutafsiri, na ng'ombe wangu watakunywa wapi? Kimya. Chukua ng'ombe 200, kila mmoja lita 30 kwa siku ya kiangazi, ni lita 6,000, yaani sawa na watu 240 kwa kiwango cha sera. Usipoziweka kwenye hesabu ng'ombe watakuja wenyewe kwenye bomba la watu na watalivunja, wala sio ukorofi, ni kiu. Kwa hiyo kwao kisima cha sola chenye birika la mifugo mbali kidogo na bomba la watu ndo mpango, hata maji yakiwa na chumvi kiasi, halafu ya kunywa yatafutiwe njia yake. Na msishangae wakiwa wagumu kutoa eneo. Miaka ya 1970 kuendelea mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule Basotu, kwa msaada wa Kanada, yalichukua kama ekari laki moja za malisho yao na njia za kwenda majini, mpaka wakaenda mahakamani. Mtu wa historia hiyo ukimwambia tunataka eneo tu la kuweka tenki, lazima aulize hati itaandikwa jina la nani. Mwandikie, iwe ya kijiji.

Malipo nayo. Hizi mita za kadi unazojaza hela ndo maji yatoke ni nzuri kwa hesabu, hela haiibiwi. Ila mfugaji hela anaishika siku ya mnada, katikati hapo ana mali hana shilingi, na Mhadzabe anaweza kukaa muda mrefu bila noti mkononi. Ukimlazimisha alipe kwa ndoo kila siku anarudi korongoni. Mchango wa kaya kwa msimu, unakusanywa baada ya mnada au mavuno ya asali na alizeti, unaingia kwenye jumuiya ya watumia maji (siku hizi ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, jina refu kuliko bomba lenyewe), huo nimeuona ukidumu zaidi. Na kwenye hicho chombo wasijae wanaume watupu wa senta wanaojua Kiswahili, mama anayechota ndo anajua koki ilianza kuvuja lini.

Wahadzabe wako elfu moja na mia kadhaa tu, mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao Yaeda, na mi kwao bomba la senta nisingepeleka kabisa kama jibu. Bomba linamwita mtu ahamie senta, na akihamia anafuata pombe na biashara za watu wengine. Linda mashimo yao ya mchanga na chemchemi, weka ukuta mdogo wa mawe, tenki kwenye shule wanakosoma watoto wao, na uulize kambi inakaa wapi mwezi wa kumi.

Kati ya sola na jenereta sina maneno, sola. Jenereta linakufa siku dizeli inapoisha kwenye mchango. Sola shida ni wezi wa paneli na kile kiboksi cha kuongozea pampu, kikiungua fundi anatoka mbali, basi mjue kabisa fundi ni nani na spea inauzwa wapi kabla hamjanunua aina hiyo.

Haya, grupu letu. Kijiji chetu watu wametawanyika, nyumba za bati kama theluthi hivi, korongo lipo mwendo wa nusu saa. Nilipiga kura ya matenki ya kaya kwanza, ukuta wa korongo mwaka unaofuata, kisima kirefu kisubiri, na hicho hata tukija kuchimba lazima kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati na tupite RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya, tusichimbe kienyeji. Wapo waliokasirika maana tenki halifunguliwi na mgeni rasmi. Tumekubaliana nusu tu, kwamba hela isiguswe mpaka maji ya korongo na ya kile kisima cha shule cha zamani yapimwe maabara ya maji hapa Dodoma. Jumamosi kijana wa bodaboda anazileta, kwa floraidi na chumvi chupa ya plastiki safi isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, na ya vijidudu ni ile chupa yao ya maabara, isifunguliwe njiani, ikae kwenye barafu, ifike siku hiyo hiyo. Nimemwambia asije na chupa ya Mirinda kama mara ile.